Vitabu vya Hispania: usisome kimoja, soma viwili vinavyogombana

Kilichonipeleka kwenye vitabu vya Hispania sio shule wala safari, ni mpira. Fainali ya Copa del Rey 2015, Barcelona na Athletic Bilbao pale Camp Nou, wimbo wa taifa unapigwa, mfalme Felipe wa 6 kasimama jukwaani, uwanja karibu mzima unapiga miluzi. Na sio miluzi ya utani, ni ya kuzomea kweli kweli, mpaka muziki wenyewe ukawa hausikiki vizuri. Nikabaki nashangaa, hawa watu wanazomea wimbo wa nchi yao? Na mbona wachezaji hawaimbi? Baadae ndo nikaja kujua kwamba ule wimbo hauna maneno rasmi, ni muziki mtupu, yaani hata cha kuimba pamoja hawajakubaliana. Nikajisemea basi ngoja nitafute kitabu kimoja kizuri cha historia yao nikisome niimalize hii habari.

Kimoja! Hapo ndo nilipokosea.

Nilichoanza nacho kilikuwa likitabu la kurasa mia sita na kitu, linaanzia kwa watu wa mapangoni linakwenda mpaka kwenye euro, na mimi nikazama kwa wafalme akina Alfonso. Jamani akina Alfonso! Yupo Alfonso wa 6 aliyeichukua Toledo mwaka 1085, yupo wa 8, yupo wa 10 ambae wanamwita Mwenye Hekima, na kila mmoja ana akina Sancho na akina Fernando wake pembeni, na wanaenda hivo hivo hadi Alfonso wa 13 aliyeondoka nchini 1931. Huyo wa 13 mi sikumfikia. Niliishia kwa wa 8, kitabu kikapata kazi ya kuzuia mlango usijifunge.

Imenichukua miaka kuelewa tatizo halikuwa mimi peke yangu. Wahispania wenyewe bado wanabishana kuhusu kilichotokea kwao, kwahiyo ukichukua kitabu kimoja ukakiamini ni sawa na kusikiliza kesi ya ndoa kwa mume tu ukaenda zako. Siku hizi nasoma viwili viwili. Kimoja cha mtu aliyekuwepo, au riwaya, kingine cha mwanahistoria, na vikiwa havipendani ndo vinanoga zaidi.

Mtu akiniuliza aanze na nini namwambia Lazarillo de Tormes. Kimetoka 1554, mwandishi wake hajulikani mpaka leo, na ni kifupi, ukikaa nacho asubuhi jioni umemaliza. Lázaro ni mtoto wa kimaskini, mama ake anamkabidhi kwa kipofu ombaomba awe anamshika mkono. Huyo kipofu ni mjanja na ni bahili balaa. Siku moja wamepewa kichala cha zabibu, kipofu anasema leo tule kwa haki, wewe unachuma moja na mi nachuma moja, hakuna kudanganyana. Wanaanza vizuri. Mara kipofu anaanza kuchukua mbili mbili. Dogo kuona hivo akasema kumbe, basi na yeye akaenda mbili, akaenda tatu, kimyaaa. Kichala kimeisha kipofu anatikisa kichwa, anamwambia wewe ulikuwa unakula tatu tatu. Umejuaje? Nimejua kwasababu mi nilikuwa nakula mbili mbili na wewe ulinyamaza.

Nilicheka peke yangu kama chizi. Mwaka 1554 huo.

Lakini anayenikaa kichwani ni bwana wake wa tatu, muungwana mmoja pale Toledo, ana upanga, ana joho limenyooka, anatembea kwa maringo utadhani ndugu wa mfalme, na nyumbani kwake hakuna hata kiti wala chungu. Hajala. Mkate anaokula ni ule alioenda kuombaomba Lázaro, yaani mtumishi ndo anamlisha bosi, na bosi akishashiba hivo viporo anachukua unyasi mkavu anatoka nje mlangoni anachokonoa meno, watu wapite waone kwamba mzee katoka kula. Na kufanya kazi hawezi, kazi ni aibu kwa mtu wa hadhi yake.

Sasa hapo ukishamaliza ndo uchukue Imperial Spain cha J. H. Elliott, kimetoka 1963, ni mwanahistoria wa Kiingereza na anaandika vizuri, sio yale ya kukariri. Elliott anakuonesha upande wa pili wa kipindi hicho hicho: madini ya fedha ya Potosí (Bolivia ya leo) yaliyogunduliwa 1545 yanavuka bahari kwa meli, nchi inatisha dunia nzima, halafu mfalme Felipe wa 2 anatangaza hawezi kulipa madeni mwaka 1557, anarudia 1575, anarudia tena 1596. Fedha ilikuwa inapita tu Sevilla kwenda kwa wakopeshaji wa Genoa na kwenye vita vya Flanders. Ningeanza na Elliott hizo ningezisoma kama namba. Ila nilikuwa nimetoka kwa yule muungwana na unyasi wake mdomoni, kwahiyo niliona ni stori ile ile, safari hii muungwana ana majeshi.

(Inkwizisheni, mahakama ya Kanisa ya kusaka wapotofu wa dini, ilikipiga marufuku Lazarillo mwaka 1559, maana mapadri wanachambuliwa mule sio mchezo. Watu wakaendelea kukisoma tu, mpaka 1573 ikabidi watoe toleo lililopunguzwa, sura ya mtu anaeuza hati za msamaha wa dhambi wakaiondoa. Ukinunua hakikisha umepata kizima.)

Upande wa Waislamu, waliotawala sehemu kubwa ya Hispania kwa karne kadhaa, huo nilidhani nitauelewa haraka kwasababu ya lugha, na kwa kiasi ni kweli, sisi tunaosoma kwa Kiswahili tuna mlango wetu wa uani kule. Kihispania kimebeba maneno ya Kiarabu maelfu na mengine ni yale yale tuliyobeba sisi. Mtu ambae hutaki kumtaja jina sisi tunamwita fulani, wao fulano. Sisi hata, wao hasta, chanzo kimoja. Sukari kwao azúcar, zaafarani kwao azafrán. Kadhi alikuwa hakimu, akabadilika kule akawa alcalde, yaani leo ndo meya wa mji! Na diwani yetu inayokaa kwenye halmashauri, kwao imekuwa aduana, forodha. Gibraltar ni Jabal Tariq, jabali la Tariq, yule Tariq ibn Ziyad aliyevuka na jeshi mwaka 711. Mto Guadalquivir unaopita Córdoba ni wadi al-kabir, mto mkubwa basi, hakuna maajabu. Nilikuwa nasoma ramani nacheka.

Kitabu kinachotajwa sana kwenye hii mada ni The Ornament of the World cha María Rosa Menocal, 2002. Ni kitamu mno. Anakupeleka Córdoba ya Abd al-Rahman wa 3 aliyejitangaza khalifa 929, maktaba, mashairi, Wayahudi na Wakristo na Waislamu wanatafsiriana vitabu, na ukifunga unatamani kuhamia. Hapo ndo pa kuwa makini. Maana watu walewale walioishi kwa amani, mwaka 1066 pale Granada kundi la watu lilivamia ikulu likamuua waziri Myahudi na Wayahudi wengine wengi, na Maimonides mwenyewe, yule mwanafalsafa Myahudi, mtoto wa Córdoba, familia yake ilibidi iondoke baada ya Waalmohadi, watawala wa Kiislamu wenye msimamo mkali kutoka Morocco, kuingia 1148. Menocal hayo hayafichi yote ila sauti ya kitabu inakubembeleza usiyaangalie sana.

Ugomvi huu ni wa zamani na ni wa Wahispania kwanza. Américo Castro alitoa kitabu 1948 akisema Uhispania wenyewe ulizaliwa kwenye kuishi pamoja kwa hizo dini tatu, bila Waislamu na Wayahudi hakuna Mhispania. Claudio Sánchez-Albornoz akamjibu 1956 kwa madude mawili manene kwamba hapana, tabia ya Kihispania ilikuwepo toka zamani, Waislamu waliikuta. Cha ajabu wote wawili walikuwa uhamishoni kwasababu ya Franco, yule jenerali dikteta aliyeshinda vita vya wenyewe kwa wenyewe, mmoja Marekani mwingine Argentina, yaani wamefukuzwa na mtu mmoja halafu wanagombana wao kuhusu mwaka 711. Sikushauri usome hayo mavitabu yao mazima, mimi nilisoma vipande tu. Ila ukijua huo ugomvi upo kila kitabu cha al-Andalus, yaani Hispania ya Waislamu, utakachoshika utaona mwandishi yuko timu gani ndani ya kurasa kumi.

Tuje vita vya wenyewe kwa wenyewe, 1936 mpaka 1939, Franco na wanajeshi walioasi dhidi ya serikali ya jamhuri, hapa vitabu ni vingi kuliko wasomaji. Karibu kila mtu anaingilia mlango wa George Orwell, Homage to Catalonia, na mi pia nilipita hapohapo. Jamaa kafika Barcelona mwishoni mwa 1936, anakuta mji uko mikononi mwa wafanyakazi, watu wameacha kuitana Don na Señor, mhudumu wa hoteli anakutazama usoni kama mwenzake. Anajiunga na wanamgambo wa chama kidogo kinaitwa POUM, anapelekwa mstari wa mbele kule Aragón ambako adui namba moja ni baridi na chawa. Mei 1937 anarudi mapumziko Barcelona anakuta waliokuwa upande mmoja wanapigana risasi wao kwa wao mitaani, na yeye anakaa juu ya paa la sinema na bunduki siku kadhaa akiwa na njaa. Anarudi vitani, mdunguaji anampiga risasi ya shingo. Anapona. Halafu chama chake kinapigwa marufuku, yeye na mkewe wanatoroka kwa treni kwenda Ufaransa. Kitabu kikatoka 1938, hakikuuzika, mpaka anakufa 1950 nakala za mwanzo zilikuwa bado hazijaisha.

Sasa. Nakipenda hiki kitabu lakini nimechoka na watu wanaokisoma hiki tu halafu wanakuja kutufundisha vita ya Hispania. Orwell alikuwepo kama miezi sita, kipande kimoja cha nchi na mji mmoja. Wanahistoria kama Paul Preston wanamlaumu kwa hilo, kwamba ugomvi wa Barcelona umekuwa mkubwa kuliko vita yenyewe kwenye vichwa vya watu, na mi naona wana hoja. Kisome, ila hapo hapo chukua The Spanish Civil War cha Hugh Thomas, au kama una moyo mgumu The Spanish Holocaust cha huyo huyo Preston, 2012, ambacho hakihusu mapigano kabisa, kinahusu watu karibu laki mbili waliouawa mbali na mstari wa mbele, walimu, mameya, mapadri, wakulima, pande zote mbili ila upande wa Franco zaidi sana. Hicho nilikisoma kwa kukiweka chini na kukiokota. Sura ya Badajoz, mji ambao jeshi la Franco liliua watu wengi, sikuweza usiku.

Na hicho cha Thomas kina historia yake. Kilitoka 1961, na kule Hispania Franco alikuwa bado yupo kwahiyo hakikuruhusiwa, toleo la Kihispania likachapwa Paris na kampuni ya wakimbizi inaitwa Ruedo Ibérico, likawa linaingizwa nchini kimagendo. Fikiria hilo, mtu wa Madrid anajifunza vita aliyopigana baba ake kutoka kwenye kitabu cha Mwingereza kilichofichwa kwenye begi. Serikali ikashtuka, 1965 ikaunda kitengo kizima pale wizara ya habari cha kuandika historia ya kujibu. Kwahiyo ukiona orodha za vitabu vya Hispania zimejaa majina ya Waingereza usidhani Wahispania walikuwa hawajui kuandika, walikuwa wamezibwa mdomo.

Ila riwaya zilipita. Kuna binti alikuwa na miaka 23 tu anaitwa Carmen Laforet, akaandika Nada, ikachukua tuzo ya kwanza kabisa ya riwaya ya Nadal, ikatoka 1945. Msichana Andrea anafika Barcelona usiku wa manane kuja kusoma chuo, anaenda nyumba ya bibi yake mtaa wa Aribau, anakuta giza, vumbi, paka, wajomba wanapigana, kila mtu kachanganyikiwa na hakuna anayesema kwanini. Vita inatajwa kidogo sana. Haihitaji kutajwa! Njaa iko kila ukurasa, kuna sehemu Andrea anakunywa maji yaliyochemshiwa mboga, na ukishasoma hapo unaelewa Hispania ya miaka ya 40 kuliko jedwali lolote la uchumi. Wakaguzi wa Franco waliisoma wakaiachia. Sijui waliona nini mule, labda waliona ni mambo ya wanawake.

Lorca, mshairi na mwandishi wa tamthilia, nitapita haraka, sio kwamba hafai, ni kwamba kila mtu atakuambia. Soma La casa de Bernarda Alba, aliimaliza Juni 1936, Agosto wakamuua karibu na Granada, mchezo wenyewe ukaja kuoneshwa mara ya kwanza 1945, tena Buenos Aires.

Kwa Hispania ya baada ya Franco mi namchukua Javier Cercas, Anatomía de un instante, 2009. Kitabu kizima kinazunguka dakika chache za tarehe 23 Februari 1981, askari wameingia bungeni wakiongozwa na luteni kanali Tejero na bastola mkononi, wanapiga risasi dari, wabunge wote wanalala chini ya viti. Wote isipokuwa watatu. Waziri mkuu Suárez aliyekulia ndani ya serikali ya Franco, jenerali mzee Gutiérrez Mellado aliyepigana upande wa Franco, na Santiago Carrillo mkuu wa wakomunisti. Cercas anachimba kwanini hao watatu, watu ambao zamani wangeuana, ndo hawakuinama. Nilisubiri jibu moja mwishoni, hakunipa, nikakasirika siku mbili halafu nikakirudia. Ukimaliza chukua Ghosts of Spain cha Giles Tremlett, 2006, mwandishi wa habari anazunguka nchi akiuliza kuhusu makaburi ya pamoja ambayo watu walikubaliana kutoyaongelea baada ya sheria ya msamaha ya 1977. Hapo ndo nikaielewa ile miluzi ya Camp Nou, angalau nusu yake, nusu nyingine ni Wakatalani na Wabaski na hiyo inataka posti yake.

Hemingway? Msome ukipenda mapigano ya ng'ombe.

Mapishi, kuna The Food of Spain cha Claudia Roden, ukikisoma ukiwa na njaa shauri yako, na uzuri wake anakuambia kila chakula kimetoka kwa nani, lozi na mchele kwa Waarabu, nyanya na pilipili kutoka Amerika, na nguruwe ambae kwa karne kadhaa hakuwa chakula tu, ilikuwa namna ya kuwaonesha majirani kwamba wewe ni Mkristo. Kumbuka hiyo ya nguruwe nitairudia.

Kingine ambacho sikioni kwenye orodha za wenzangu ni Las tinieblas de tu memoria negra, 1987, cha Donato Ndongo-Bidyogo wa Guinea ya Ikweta. Hispania ilitawala pale mpaka 12 Oktoba 1968 na watu wanasahau. Kuna mtoto wa Kiafrika analelewa na wamisheni aje kuwa padri, mchana anakariri ukuu wa Hispania na jioni yuko na mjomba wake anayekataa hao wageni kabisa. Hispania ukiitazama kutokea huko chini inaonekana tofauti kidogo na kwenye vitabu vya Waingereza.

Na kuna Juan Latino. Mtu mweusi, alikuwa mtumwa, akaja kuwa mwalimu wa Kilatini Granada karne ya 16 na kuandika shairi refu la Kilatini kuhusu vita ya Lepanto, ile ya baharini dhidi ya Waturuki. Mi nilimkuta wapi? Kwenye mashairi ya mwanzoni mwa Don Quijote, riwaya ya Cervantes, anatajwa pale kama mtu maarufu ambae kila msomaji anamjua, na mimi sikuwahi kumsikia.

Don Quijote ndo nilichokiogopa kuliko vyote kwasababu ya unene na ndo nilichojuta kukichelewesha. Cervantes mwenyewe alipigana Lepanto 1571, mkono wa kushoto ukafa, halafu 1575 akatekwa na maharamia akakaa mateka Algiers miaka mitano. Huyo ndo anaeandika, sio mzee wa maktaba. Na anafanya utundu, anakuambia hii stori sio yangu, imeandikwa na Mwarabu anaitwa Cide Hamete Benengeli, niliikuta sokoni Toledo kwenye makaratasi, nikamtafuta Mmorisko anitafsirie. Wamorisko ni wale Waislamu waliobatizwa kwa nguvu na wajukuu zao. Sehemu ya kwanza imetoka 1605. Sehemu ya pili 1615. Katikati hapo, kuanzia 1609 mpaka 1614, mfalme alifukuza Wamorisko wote nchini, kama laki tatu, akiwemo pengine yule mtafsiri wa sokoni kama angekuwa mtu wa kweli.

Na Cervantes hakunyamaza. Sehemu ya pili sura ya 54, Sancho, mtumishi wa Don Quijote, amechoka na ugavana aliopewa anarudi na punda, anakutana na kundi la mahujaji wa Kijerumani wanaombaomba, mmoja anamkumbatia kwa Kihispania safi. Ni Ricote, mwenye duka wa kijijini kwao, Mmorisko, kafukuzwa, karudi kwa kujificha kuja kufukua mali aliyozika. Wanakaa chini wanakula, wana mifupa ya paja la nguruwe ya kunyonya, wana mvinyo, na Ricote anasimulia jinsi kila walikoenda wanailia Hispania maana ndo kwao, na hapo hapo anamsifia mfalme aliyewafukuza kwamba alifanya sawa. Nimeisoma hiyo sehemu mara nne. Anamsifia kweli au anaogopa? Cervantes alikuwa anaogopa? Mwanahistoria hapa atakuambia idadi, tarehe, bandari walizopandia meli, na ninavyo hivo vitabu mezani, ila hiyo mifupa ya nguruwe hawana.

Ricote anamwambia Sancho nisaidie kubeba hazina nitakupa mia mbili. Sancho anakataa, ila anamwambia sitakutaja kwa mtu. Anapanda punda wake anaondoka, usiku unamkuta njiani, anatumbukia shimoni yeye na punda wote wawili, na mi ndo nimeishia hapo jana saa sita usiku simu ilipozima.